Kiyoyozi cha Ukutani Mjini Doha: Usalama Hupatikana Siku ya Kufunga

Mjini Doha, mji mkuu wa Qatar, kiyoyozi si pambo la nyumba wala dalili ya ukwasi, bali ni hitaji la msingi la makazi, kwa kuwa kuanzia Mei hadi Septemba joto la mchana huvuka nyuzijoto 40 za Selsiasi mara kwa mara, na ifikapo Agosti unyevu wa Ghuba huzidi kiasi kwamba hata usiku hautoi nafuu. Wakenya, Watanzania na Waganda wanaofanya kazi mjini humo, wakiwa walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, wafanyakazi wa nyumbani au mafundi, hulijua jambo hilo tangu wiki yao ya kwanza. Wengi wao hulala chini ya mashine ambayo hawakuinunua, hawakuichagua, wala hawakuwapo ilipofungwa, na kwa hiyo huiamini kwa sababu hawana njia nyingine.

Imani hiyo ina msingi pale tu ambapo kazi ya kufunga ilifanywa ipasavyo. Mashine inayotoka kiwandani imekwisha kupimwa, lakini haiwezi kufanya kazi mpaka iunganishwe na jengo katika sehemu nne, yaani ukuta unaoibeba, umeme unaoiendesha, mabomba ya gesi yanayounganisha vipande vyake viwili, na njia ya maji inayotoka ndani yake. Viungo hivyo vinne havitengenezwi kiwandani, bali hutengenezwa na fundi mahali penyewe, na karibu vyote hufichwa kazi inapokwisha: tundu la ukutani huzibwa, mabomba huzungushiwa mkanda, nyaya huingizwa kwenye mifereji ya plastiki. Hitilafu nyingi ambazo baadaye husemwa kuwa ni ubovu wa mashine zilizaliwa siku hiyo ya kufunga, kabla ya vifuniko kurudishwa, na ndiyo siku pekee ambapo zingeweza kuonekana kwa urahisi.

Kutoka kuta nene hadi matofali yenye uwazi

Nyumba za kale za Doha zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na jasi, kwa kuta nene zilizochelewesha joto la mchana kupenya ndani, na baadhi yake zilikuwa na minara ya upepo, inayoitwa barjeel, iliyonasa upepo wa juu na kuushusha vyumbani. Paa zake zilibebwa na boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki, hasa Lamu na delta ya Rufiji, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti hizo, kwa hiyo vyumba vingi havikuzidi sana mita tatu. Mafuta yaliyoanza kusafirishwa kutoka Qatar mwishoni mwa mwaka 1949 yalileta fedha, umeme na saruji, na namna ya kujenga ikabadilika kabisa.

Nyumba ya kawaida ya leo ina nguzo na sakafu za zege, huku nafasi iliyo kati ya nguzo ikijazwa matofali ya saruji yenye uwazi katikati. Ukuta wa aina hiyo ni mwepesi na wa gharama nafuu, lakini hauzuii joto kama ule wa matumbawe, na unapotobolewa kwa keekee hupatikana ngozi nyembamba ya saruji na nyuma yake uwazi mtupu. Kwa maneno mengine, ukuta wa zamani ulisaidia kupoza nyumba, ilhali wa sasa hutakiwa kubeba mashine ya kupozea, na uwezo wake wa kubeba hautoshi kila mahali.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Ndani ya mabomba yake huzunguka gesi maalumu ambayo hugeuka kuwa kimiminika inapobanwa na kupoteza joto, kisha hurudi kuwa gesi inapoachiwa nafasi na kufyonza joto. Mashine ya ndani, ile inayotundikwa ukutani, hupitisha hewa ya chumba juu ya mabomba yaliyo baridi, na joto la hewa hiyo huingia kwenye gesi. Gesi husafiri hadi kwenye mashine ya nje, ambamo kompresa, yaani pampu inayobana gesi, huipandisha shinikizo na joto, na feni kubwa hulitupa joto hilo angani. Kiyoyozi cha namna hii, chenye sehemu ya ndani na ya nje, ndicho mafundi wanachokiita spliti.

Kanuni hiyo inaeleza kwa nini Doha ni mahali pagumu kwa mashine hizi, kwani joto haliwezi kutupwa nje mpaka gesi iwe na joto kuliko hewa iliyoko huko. Hewa ya nje inapokuwa na nyuzijoto 46, gesi hulazimika kufika karibu nyuzijoto 60 ndani ya mashine ya nje, na kwa gesi zinazotumika zaidi siku hizi shinikizo lake hukaribia bar 40, ambalo ni zaidi ya mara kumi na tano ya shinikizo la tairi la gari dogo. Kiungo kilicholegea kidogo, ambacho katika mji wenye hali ya hewa ya wastani kingeweza kuvumilia miaka kadhaa, hapa huanza kuvujisha gesi katika kiangazi cha kwanza.

Kwa sababu hiyo viwango vya kimataifa hugawa viyoyozi kulingana na hali ya hewa vinakotumika. Daraja linaloitwa T1 hupimwa kwa joto la nje la nyuzijoto 35, na daraja la T3 kwa nyuzijoto 46. Mashine ya T1 iliyoletwa Doha kwa kuwa bei yake ni nafuu huweza kuwaka na kupoza vizuri mwezi wa Januari, lakini mwezi wa Julai hujizima yenyewe mara kwa mara kwa kuzidiwa, na kompresa yake huchakaa mapema. Alama ya daraja hilo huandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mashine ya nje, kwa hiyo mnunuzi anaweza kuisoma kabla hajalipa.

Ukubwa wa mashine nao huandikwa hapo. Kipimo kinachozoeleka ni tani ya baridi, ambayo ni sawa na BTU 12,000 kwa saa au takriban kilowati 3.5 za uwezo wa kupoza. Chumba kilicho ghorofa ya mwisho, chini ya sakafu ya zege inayopigwa na jua siku nzima, huhitaji mashine kubwa kuliko chumba cha ukubwa uleule kilicho ghorofa ya kati. Hata hivyo, kununua mashine kubwa kupita kiasi hakuleti faida, kwa kuwa aina ya kawaida hupoza chumba haraka na kuzima kabla haijakausha unyevu wa hewa, na mlalaji hubaki katika chumba chenye baridi na majimaji.

Ukuta na mahali pa mashine

Hatua ya kwanza ya kufunga ni kuchagua mahali, nayo huamua mengi yanayofuata. Mashine ya ndani hutundikwa juu, kwa kawaida zaidi ya mita mbili kutoka sakafuni, huku ikiachiwa nafasi kati yake na dari ili ivute hewa bila kizuizi. Haifai kuwekwa juu ya televisheni, soketi au kichwa cha kitanda, kwa kuwa siku njia ya maji itakapoziba, maji yatadondoka hapo. Kabla ya kutoboa, fundi hupaswa kujua nyaya na mabomba ya maji yanapita wapi ndani ya ukuta. Mara nyingi nyaya hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, na upo pia mtambo mdogo wa kutambua chuma na umeme uliofichwa, ambao bei yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya keekee kugusa waya wa moto.

Bati la kutundikia mashine hulazwa kwa pimamaji, chombo chenye povu la hewa linaloonyesha usawa, na skrubu zake huingizwa kwenye vishikio vya plastiki vilivyosukumwa ndani ya matundu. Mashine ya ndani yenye uzito wa kilo 10 hivi hubebwa bila shida na ukuta wa matofali yenye uwazi, iwapo vishikio vilivyotumika ni vile vinavyotanuka ndani ya uwazi. Tundu la mabomba, lenye kipenyo cha takriban milimita 65, hutobolewa likiinama kidogo kuelekea nje, ili maji yasirudi chumbani na mvua, japo ni haba katika nchi hiyo, isiingie.

Hali ni tofauti kwa mashine ya nje, ambayo huweza kuwa na uzito wa kilo 30 hadi 50 au zaidi, na ambayo hutikisika kila inapofanya kazi. Mikono ya chuma inayoibeba haistahili kufungwa kwenye matofali yenye uwazi peke yake, kwa sababu mtikisiko wa miezi mingi husaga saruji nyembamba inayoshika boliti mpaka tundu linakuwa pana. Boliti za kutanuka zinapaswa kushika zege halisi, yaani nguzo au boriti ya jengo, na mikono yenyewe iwe imepakwa zinki au rangi inayostahimili chumvi, kwa kuwa Doha iko ufukweni na hewa yake hula chuma. Mashine iliyofungwa vibaya kwenye ukuta wa ghorofa ya nne ni hatari kwa mpita njia ambaye hata hajui kuwa iko juu yake. Pale ambapo paa la sakafu tambarare linafikika, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Doha, ni salama zaidi kuiweka huko, juu ya vitako vya zege au fremu ya chuma yenye mipira ya kupunguza mtikisiko.

Popote itakapowekwa, mashine ya nje inahitaji hewa huru. Ikifungwa katika baraza lililozibwa, au mashine kadhaa zikipangwa zikipulizana, hewa moto iliyotolewa na moja huvutwa na nyingine, na mashine hujikuta ikifanya kazi katika joto kubwa kuliko la mtaani. Upepo wa shamali, unaovuma kutoka kaskazini-magharibi na kubeba vumbi la jangwani, huziba mapezi membamba ya alumini yanayotoa joto, kwa hiyo ni lazima pabaki nafasi ya kutosha kwa fundi kufika na kuyaosha.

Umeme

Qatar hutumia umeme wa volti 240 na soketi za pini tatu za mraba, zilezile zinazotumika Kenya, Uganda na Tanzania, na ufanano huo huwapa wageni wengi kutoka Afrika Mashariki ujasiri ambao wakati mwingine ni wa hatari. Mashine ya tani moja na nusu hutumia takriban kilowati mbili kwa saa nyingi mfululizo. Plagi ya ampia 13 huweza kupitisha umeme huo kwa muda, lakini pini zake zikishika kwa kulegea, mahali hapo pa mgusano hupata moto, plastiki hugeuka kahawia, na mgusano huzidi kulegea. Ekstensheni yenye waya mwembamba ni mbaya zaidi, kwa kuwa joto husambaa kwa urefu wake wote, mara nyingi chini ya zulia au nyuma ya godoro.

Utaratibu ulio salama ni kiyoyozi kuwa na njia yake kutoka kwenye kisanduku kikuu cha umeme, bila kushirikiana na kifaa kingine. Njia hiyo huanza na kikata umeme chake, kile ambacho mafundi huita breka, hupita kwenye waya wa shaba wenye unene unaotosha, na huishia kwenye swichi inayokata nyaya zote mbili, ule wa moto na ule wa nyutro, ili anayefanya matengenezo awe na hakika kwamba hakuna kilichobaki na umeme. Waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, huunganisha mwili wa chuma wa mashine na ardhi, na pamoja na kifaa kinachokata umeme unapovuja, humlinda mtu atakayegusa mashine ya nje yenye hitilafu akiwa amesimama kwenye maji.

Joto la Doha huingia hata katika hesabu ya unene wa waya. Majedwali ya uwezo wa nyaya hukokotolewa kwa hewa yenye nyuzijoto 30, na waya wa kawaida wenye ganda la plastiki unapopita mahali penye nyuzijoto 50, kama juu ya paa au ndani ya dari isiyo na hewa, hubaki na takriban asilimia 71 tu ya uwezo huo. Waya uliohesabiwa kubeba ampia 30 huwa wa ampia 21 hivi, na ukilazwa pamoja na nyingine katika mfereji mmoja uwezo hushuka zaidi. Fundi anayechagua unene wa waya kwa mazoea ya Mombasa au Kampala, bila kuzingatia hewa ya paa la Doha, hujikuta amefunga waya unaochemka polepole kila adhuhuri.

Nyaya za jengo nchini Qatar husimamiwa na shirika la umeme na maji la nchi hiyo, Kahramaa, lililoundwa mwaka 2000, ambalo huweka kanuni za ufungaji. Kanuni hizo hupuuzwa zaidi katika nyumba kubwa zilizogawanywa kwa mbao au jasi kuwa vyumba vingi vidogo vya kupangisha, ambako njia moja ya umeme iliyokusudiwa chumba kimoja hulazimishwa kulisha viyoyozi viwili au vitatu. Mpangaji anayeona breka ikikatika kila usiku hapaswi kushukuru fundi anayeibadilisha kwa kubwa zaidi, kwani breka hiyo ilikuwa ikikata ili kuulinda waya. Kubadilisha breka bila kubadilisha waya ni kuondoa mlinzi na kuacha hatari palepale.

Gesi: kazi isiyoonekana

Hapa ndipo tofauti kati ya fundi na mbahatishaji hudhihirika. Mashine mbili huunganishwa kwa mabomba mawili ya shaba, jembamba linalopitisha kimiminika na nene linalorudisha gesi, na kila mwisho wa bomba hutanuliwa uwe na mdomo wa umbo la koni unaokaa sawasawa juu ya kiungo cha shaba nyeupe na kubanwa na nati. Fundi makini hukata bomba kwa kikatio cha gurudumu, si kwa msumeno, hulielekeza chini anapokwangua makali ya ndani ili unga wa shaba usiingie, na hukumbuka kuvisha nati kabla ya kutanua mdomo. Huutazama mdomo huo kwenye mwanga, kwa kuwa ufa mwembamba kama unywele unatosha kuvujisha, kisha huzungusha nati kwa vidole mpaka iingie bila ubishi ndipo atumie spana mbili, moja ikishika na nyingine ikikaza. Nati iliyokazwa kidogo huvuja, na iliyokazwa kupita kiasi hupasua shaba, hivyo kuna spana maalumu inayopima nguvu ya mkono na kulia pale kiwango kinapofikiwa.

Baada ya kuunganisha, mabomba hupimwa kwa kujazwa naitrojeni kavu na kuachwa kwa muda huku geji ikitazamwa, na kila kiungo hupakwa maji ya sabuni ili mapovu yaonyeshe uvujaji. Naitrojeni huchaguliwa kwa kuwa haiungui wala haina unyevu. Oksijeni haipaswi kutumika kamwe kwa kazi hiyo, hata kama mtungi wake upo karibu, kwa sababu ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo huweza kulipuka.

Kisha hufuata hatua inayorukwa kuliko zote, nayo ni kunyonya hewa yote iliyomo mabombani kwa pampu ya ombwe. Hewa hubeba unyevu, na unyevu ukichanganyika na mafuta ya kompresa hutengeneza asidi inayokula nyaya za ndani ya mota. Pampu hushusha shinikizo mpaka chini ya maikroni 500, kipimo ambacho kwacho hewa ya kawaida ya usawa wa bahari ni maikroni 760,000, na katika hali hiyo maji yaliyojificha mabombani huchemka kwa joto la kawaida na kutoka yakiwa mvuke. Pampu huzimwa na geji huachwa: shinikizo likipanda bila kusimama, kuna uvujaji, na likipanda kidogo kisha kutulia, bado kuna unyevu. Kazi hii huchukua nusu saa au zaidi, na mwenye nyumba anayetazama haoni chochote kikitendeka. Ndiyo maana mbahatishaji huiacha na badala yake hufungua gesi kidogo ili isukume hewa itoke, na kiyoyozi hupoza siku hiyo kana kwamba hapana kilichopungua.

Aina ya gesi nayo ina uzito wake. R-22, iliyotawala kwa miongo mingi, huharibu tabaka la ozoni na huondolewa sokoni hatua kwa hatua chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. R-410A iliyochukua nafasi yake haigusi ozoni, lakini kilo moja yake ikitoka angani huongeza joto la dunia takriban mara 2,088 ya kilo moja ya kabonidioksidi, ilhali R-32 inayoenea sasa ni takriban mara 675. Marekebisho ya mkataba huo yaliyopitishwa Kigali, Rwanda, tarehe 15 Oktoba 2016 yanataka gesi za kundi hili zipunguzwe, na ratiba yake ilizipangia nchi nyingi za Afrika kusimamisha ongezeko mwaka 2024 na nchi za Ghuba, ikiwamo Qatar, mwaka 2028.

R-32 ina jambo jingine la kuzingatiwa, kwamba huweza kuwaka moto, ingawa si kwa wepesi wa gesi ya kupikia. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka na kujikusanya chini, na ndiyo sababu kijitabu cha mashine hutaja udogo wa mwisho wa chumba inamoweza kufungwa. Sigara, jiko na kazi ya kuchomelea huwekwa mbali wakati wa kuijaza. Aina moja ya gesi haijazwi katika mashine iliyotengenezwa kwa nyingine, na propani, ambayo ni gesi inayowaka kwa urahisi, haina mahali katika mashine isiyobuniwa kwa ajili yake.

Maji

Katika siku zenye unyevu mwingi, mashine ya tani moja na nusu huweza kukamua hewani lita moja au zaidi ya maji kila saa. Maji hayo hutoka kwa uzito wake mwenyewe kupitia bomba la plastiki, ambalo lazima literemke mfululizo bila kupanda mahali popote, na mwisho wake usizame kwenye ndoo wala usielekezwe kwenye njia ya watu, ambako utelezi na kutu hufuata. Jaribio lake ni jepesi: fundi humimina maji ya kikombe kimoja kwenye trei ya mashine ya ndani kabla ya kurudisha kifuniko, na kila aliyepo huona kama yametoka nje. Mabomba yote mawili ya shaba huvikwa sponji, kila moja peke yake, kwani bomba baridi lililo wazi hutoa jasho na kulowesha ukuta mpaka plasta inabanduka na ukungu kuota.

Mtu aliye juu ya ngazi

Usalama wa kiyoyozi haumhusu mlalaji peke yake. Fundi anayefunga mashine ya nje mwezi wa Julai hufanya kazi juu ya paa linalounguza viganja, akiwa na mzigo wa kilo 40 na ukingo nyuma yake. Uamuzi wa waziri namba 17 wa mwaka 2021 ulipiga marufuku kazi za nje kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, kati ya tarehe 1 Juni na 15 Septemba, na ukaagiza kazi isimame wakati wowote kipimo cha pamoja cha joto, unyevu, jua na upepo kinapozidi nyuzijoto 32.1. Sheria ya Kazi namba 14 ya mwaka 2004 nayo humtaka mwajiri kuchukua hatua za kumkinga mfanyakazi na madhara ya kazi, bila kumkata mshahara kwa gharama hizo. Mkanda wa usalama uliofungwa kwenye nguzo imara, jukwaa badala ya ngazi iliyoegemezwa kwenye ukingo, na kamba ya kupandishia mashine badala ya bega la mtu mmoja, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kwa mantiki hiyo, mteja anayepiga simu saa sita mchana wa kiangazi na kudai mashine ifungwe kabla ya jioni hununua hatari kwa watu wawili. Humsukuma fundi juani, na humfanya aruke zile hatua za kungoja ambazo hakuna anayeziona.

Wajibu wa mwenye nyumba na wa mpangaji

Mwenye nyumba ndiye mwenye uwezo wa kuchagua daraja la mashine, kampuni yenye leseni na majira ya kufunga. Majira yafaayo ni kati ya Novemba na Machi, ambapo mafundi hawajazidiwa na kazi na paa halichomi. Kosa la aina moja, hata hivyo, huponyoka katika majira hayo, kwa sababu karibu kila kiyoyozi hupoza vizuri mwezi wa Januari. Hivyo ni busara mkataba utaje ukaguzi wa pili mwezi wa Juni, ambapo fundi atapima shinikizo na ampia mashine ikiwa imelemewa na kukaza upya viungo vya umeme, vinavyolegea kwa kupanuka na kusinyaa.

Mpangaji hana uwezo huo, lakini hakosi la kufanya. Kazi inapofanyika mbele yake, anaweza kuomba kuonyeshwa geji wakati wa jaribio la naitrojeni na baada ya pampu ya ombwe kuzimwa, kuona maji yakipita kwenye bomba, na kuachiwa karatasi yenye tarehe, aina na uzito wa gesi, na jina la kampuni. Akihamia kwenye chumba ambamo mashine ilikwisha kufungwa, anaweza kugusa plagi au swichi baada ya saa moja ya matumizi na kuhisi kama ina joto, kunusa harufu ya plastiki iliyoungua, kutazama kama breka ya kiyoyozi ni yake peke yake, na kuangalia kutu kwenye mikono ya chuma iliyo nje. Akiona moshi, hukata umeme kwenye swichi kuu, huwatoa watu, hufunga mlango na kupiga 999, nambari ya dharura ya Qatar.

Anayeambiwa kwamba gesi imepungua na inahitaji kuongezwa anapaswa pia kujua kwamba gesi hiyo haitumiki kama mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa, na kama imepungua basi kuna mahali inapotoka. Kujaza kila kiangazi bila kutafuta tundu ni kulipa ada ya kila mwaka kwa kosa la siku moja, na fundi mwaminifu hutafuta uvujaji kwanza, huuziba, hupima tena kwa naitrojeni, hunyonya hewa upya, na ndipo hupima gesi kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibati.

Ujuzi huu haubaki Ghuba. Mafundi wa Afrika Mashariki waliojifunza kazi hiyo Doha hurudi Mombasa, Dar es Salaam na Entebbe, ambako nyumba za kupanga, maduka ya dawa na ofisi zinazidi kufunga viyoyozi, na ambako shinikizo halifiki bar 40 mara kwa mara, hivyo makosa huchelewa zaidi kujitokeza. Fundi aliyezoea kungoja geji itulie mbele ya joto la Julai ana kila sababu ya kuidumisha desturi hiyo nyumbani, na mteja anayeelewa kile anachongojea atakubali kumlipa kwa nusu saa hiyo.